Vyungu vya Mkongolo Vilivyousikia Mto

Ukimaliza kusoma hii utasema nimeitunga nikiwa na homa, na sitakulaumu. Ila sikiliza kwanza. Vyungu viliimba. Vyungu vya udongo, vile vya kuchemshia maharage, viliimba asubuhi kweupe watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi, na bonde zima likapona kwa sababu hiyo. Halafu dada mmoja, mtu wa kwanza kujua kwa nini vinaimba, akabaki na kidole gumba kinaning'inia hewani, hajui akibonyeze wapi. Kama bando lako linaelekea kuisha, soma haraka, lakini usiruke hata mstari.

Dada mwenyewe anaitwa Sekela Mwakibete, kwao Kyela. Kazi yake ni mto. Siyo samaki wa mto, wala maji ya bomba, hapana. Mto wenyewe: unakula ukingo wapi, mchanga unaubeba unaupeleka wapi, tope unalimwaga kwa nani, na mwakani utaamkia upande gani. Zamani kazi hii ilikuwa ya fito, kamba na macho. Enzi za Sekela walishatoka huko. Walikuwa wanamwaga punje.

Punje ni hivi. Chukua chembe ya mchanga. Sasa fikiria nyingine imetengenezwa maabara, saizi ileile, nzito kidogo, ina rangi ya waridi kwa mbali, na ndani yake kuna kitu kinachotoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Kila punje inasema niko hapa. Kila punje inawasikia wenzake. Zilimwagwa Mto Lukwemba kwa mamilioni, zikachanganyika na mchanga, zikawa zinasafiri nao. Mtambo unaoitwa Mlezi unazisikiliza zote, unachora ramani ya mto ukiwa hai, na pale unapoona ukingo unaliwa, unampeleka Jongoo.

Jongoo ungempenda. Mashine ndefu kama safu ya nyumba, miguu haihesabiki, anatembea chini ya maji. Anameza mchanga upande huu, anautema upande ule, anaushindilia na gundi yake, na akishapita hapo ukingo unakuwa mgumu kama kiporo cha ugali. Mto hauugusi tena. Mwaka ule alikuwa kamaliza kazi mji wa juu, Nyamwimbe, amejikunja chini ya daraja anasubiri aambiwe aende wapi.

Tatizo lilikuwa Mkongolo, kijiji cha chini, kule mto unapoingia kwenye bonde na kujinyoosha kama mtu aliyeshiba. Ramani ya Mlezi ilisema ukingo wa Mkongolo haujasogea hata kidogo kwa misimu mitatu. Picha za angani zilisema kitu kingine kabisa, mikorosho imelala majini, mizizi juu. Na hizo punje sasa. Sekela alizikuza kwenye kioo akazikuta zimekaa katika vikundi vidogovidogo vya duara, vingine juu ya mwinuko ambako maji hayafiki hata mwaka wa gharika.

Mchanga haupandi mlima. Akafunga begi.

Bosi wake, Mhandisi Kinunda, hakumpa maelezo marefu. Alimkumbusha tu kwamba mwisho wa msimu Mlezi inauliza swali moja, je, punje ziko mahali pake, na inataka kidole gumba cha mtaalamu kwenye Ndiyo au kwenye Hapana. Ukisema Ndiyo, inaamini ramani yake na kijiji kinaachwa kama kilivyo. Ukisema Hapana, punje zote zilizopotea zinakusanywa kwa nguvu, na Jongoo anakuja kuushika ukingo mara moja na milele.

* * *

Kule Mkongolo, Sekela alipokelewa na Bi Sikudhani, mfinyanzi, mama wa makamo mwenye mikono minene na ulimi usiopumzika. Sekela alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajakaa akaulizwa kama ni kweli kwao wanakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Sekela akasema kwao wanakula ndizi wakichoka wali, na wali wa Kyela ukipikwa nyumba ya tatu wanaomba sahani. Bi Sikudhani akacheka mpaka akashika mbavu. Toka hapo akawa anamwita Mama Ndizi, na akampa chumba.

Msimu ulikuwa wa mlao. Kama hujui mlao ni nini, ni kilimo cha watu wasioogopa mto. Mafuriko yanakuja, yanaondoka, yanaacha tope jipya laini kama siagi. Watu wanashuka bondeni na kupanda mahindi, kunde na maboga hapohapo kwenye tope, bila mbolea, bila kumwagilia. Wanahamia kabisa, wanaishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo ndefu, wanalinda mazao dhidi ya nguruwe mpaka wavune. Usiku wa bonde lote ni mioto midogo hewani na watu wanatukanana kwa upendo kutoka dungu hadi dungu.

Dungu la mwisho kabisa, karibu na maji, lilikuwa la Ngwande, mume wa zamani wa Bi Sikudhani. Waliachana, wakarudiana, wakaachana tena, na sasa walikuwa wanaishi kwa kurushiana maneno, jambo ambalo kila mtu alikubali ndilo lililowafaa tangu mwanzo. Ngwande alisema vyungu vya mkewe wa zamani ni vizuri kuliko tabia yake. Bi Sikudhani alisema angalau vyungu vyake havikoromi.

Sekela akazunguka na kifaa chake siku nzima akitafuta punje. Kifaa kilimpeleka kwenye madungu. Siyo chini yake, ndani yake. Kilimpeleka kwenye majiko. Jioni alirudi amechoka, akakaa akiwa na uhakika kwamba kifaa kimeharibika.

* * *

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye dungu la Bi Sikudhani wanakunywa chai na mihogo. Anga jeupe, hakuna hata wingu la kusingiziwa. Ghafla akasikia kama nyuki. Akatazama juu, hakuna nyuki. Akatazama jikoni.

Chungu kilikuwa kinaimba.

Yaani kimekaa juu ya mafiga, kitupu, kimeoshwa, na kinatoa sauti nzito ya chini, mmmmm, mpaka kifuniko kinatetemeka. Na dungu la jirani, mmmmm. Na la mbele yake. Bonde zima likaanza kunguruma taratibu kama msikiti watu wakisema amina.

Sekela nywele zilimsimama. Bi Sikudhani akamalizia chai yake. Akafunga kanga, akatia kuku kwenye tenga, akamwambia Mama Ndizi abebe godoro, mto unakuja. Sekela akatazama kifaa. Mlezi inasema Mkongolo shwari, hakuna kinachosogea. Akaonyesha kioo. Bi Sikudhani akasema kifaa chake kizuri sana, akibebe na chenyewe, kisilowe.

Hakuna aliyekimbia. Hilo ndilo lililomshangaza Sekela kuliko vyungu. Watu walipanda mwinukoni wakiwa na mikeka, mbuzi, redio na masufuria, wanataniana njiani, mtu anamuuliza mwenzake kama amemsahau mkwewe makusudi. Walipofika juu, wakageuka kutazama, kama watu wamekwenda kuona mpira.

Maji yalikuja muda si mrefu. Maji ya kuchelewa, mvua iliyonyesha bara ambako hakuna aliyeiona, rangi ya maziwa ya kakao, yanabeba magogo. Yakaingia bondeni bila haraka, yakapita kati ya mahindi, yakapanda nguzo za madungu. Na pale kwenye kona, mbele ya macho yao, kipande cha ukingo kikubwa kama kiwanja kikainama, kikasita, kikaingia majini na mikorosho yake.

Ndipo mtu akauliza Ngwande yuko wapi.

Alikuwa dunguni kwake. Alionekana vizuri kabisa, mtu mdogo juu ya kibanda, maji yanamlamba sakafu, anapunga shati. Bi Sikudhani aliacha kuongea, na watu walipoona ameacha kuongea wakaogopa. Vijana wawili wakasukuma mtumbwi, Bi Sikudhani akaruka ndani bila kuulizwa, na ule mtumbwi ukaenda upandeupande kama kaa. Nguzo moja ya dungu ilikatika wakati wanamfikia. Ya pili ilikatika alipokuwa tayari ndani ya mtumbwi, amekumbatia chungu.

Alipofikishwa juu, Bi Sikudhani alimgeukia.

"Nilikupa chungu," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Hukusikia?"

"Hakikuimba."

"Chungu changu hakikuimba?"

Ngwande akakiinamisha kidogo aone. Kilijaa togwa mpaka mdomoni. Chungu kikijaa hakitetemeki.

Watu walicheka, kwa sababu mzee alikuwa hai na togwa haikumwagika hata tone. Waliinywa palepale. Sekela hakucheka. Alikuwa anatazama lile dungu linavyokwenda na mto, paa lake la makuti linazunguka polepole, na akilini mwake kulikuwa na swali moja tu: ingekuwaje kama asingeonekana.

* * *

Maji yalipoanza kushuka, aliomba kigae. Bi Sikudhani akampa kipande cha chungu kilichowahi kuvunjika. Sekela akakisaga pembeni kidogo, akakiweka chini ya lenzi, na hapo zikamtazama: nukta za waridi, mamia, zimebanwa ndani ya udongo uliochomwa.

Akauliza mchanga anautoa wapi. Kila mfinyanzi anachanganya mchanga kwenye udongo, la sivyo chungu kinapasuka motoni. Bi Sikudhani akampeleka kwenye kona ya ndani ya mto, kule maji yanapopoa. Punje ni nzito kuliko mchanga wa kawaida, kwa hiyo maji yakipunguza mwendo zenyewe ndiyo zinatua kwanza, zinajipanga mstari mzuri unaong'aa. Wanawake wa Mkongolo waliuona ule mstari, wakajaribu, na tangu siku ile hakuna chungu kilichopasuka motoni. Walidhani ni baraka. Wakachota. Kwa ndoo, kwa misimu mitatu, walichota macho na masikio ya Mlezi na kuyatia kwenye vyungu.

Sekela akakaa kwenye ukingo, miguu inaning'inia, akaanza kucheka peke yake. Sasa kila kitu kilikaa sawa. Moto haukuua punje. UliziganDisha tu, zikaendelea kusema niko hapa, niko hapa, toka jikoni. Mlezi, ambayo haikuwahi kufikiria kwamba mchanga unaweza kupika maharage, iliamini huo ni ukingo uliotulia. Lakini punje bado zilikuwa zinawasikia wenzao waliobaki mtoni. Mto unapotaka kufurika, kabla maji hayajapanda, mchanga wa chini huko juu unaanza kubiringika wote kwa pamoja, na zile zilizo mtoni zinapiga kelele. Zile za kwenye chungu zinatetemeka kwa kuitika. Moja haina nguvu. Elfu kadhaa zilizobanwa kwenye ukuta mwembamba wa udongo, ndani tupu, zinakuwa ngoma.

Wataalamu walitaka mto uongee na mtambo. Kwa bahati mbaya, mto ukawa unaongea na watu.

Alimpigia Mhandisi Kinunda akamweleza yote. Kinunda alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema, ndiyo ugumu wenyewe. Akamwambia kwamba hii simu bado ni maongezi ya watu wawili, ila akibonyeza Hapana inakuwa kazi: vyungu vyote vinakusanywa na kusagwa, punje zinarudi mtoni, Jongoo anakuja, ukingo unashikwa, Mkongolo hapatakuwa na mafuriko tena, basi.

"Na mlao?" Sekela akauliza.

"Hakuna mafuriko, hakuna tope. Unajua hesabu hiyo kuliko mimi."

"Na nikibonyeza Ndiyo?"

"Utakuwa umesema uongo kwa ajili ya watu wanaoishi kwa kusikiliza sufuria." Akashusha pumzi. "Sekela mdogo wangu, mimi sikuamulii. Ila yule mzee wa togwa alionekana kwa sababu ilikuwa mchana. Nani atamwona akifurikiwa gizani?"

Sekela akaaga. Aliiweka simu mfukoni na kulitazama bonde.

* * *

Tope lilipokauka kiasi cha kubeba mguu, Mkongolo wakashuka kugawana. Na hapa uwe makini, kwa sababu sijawahi kusikia sheria kama hii kwingine. Mto ukila shamba la mtu, yeye ndiye anayechagua kwanza kwenye tope jipya. Aliyeliwa zaidi anatangulia. Aliyesalimika anangoja nyuma. Kwa hiyo siku ya kugawana, wenye hasara wanatembea mbele wamevaa vizuri, wanaringa, na wale ambao mto haukuwagusa wanawafuata wamenuna kama watu waliokosa harusi.

Ngwande alitangulia wote. Alipoteza dungu, shamba lote na redio, na alitembea kama bwana harusi. Alichagua kipande kinono kilichokuwa chini ya maji mwaka jana, akachomeka fito, akamgeukia Bi Sikudhani na kumuuliza kama angependa kuwa jirani. Bi Sikudhani akasema atafikiria, akachagua kinachopakana nacho.

Sekela alikuwa pembeni na kifaa mkononi. Swali la Mlezi lilikuwa limeshatokea kwenye kioo, limesimama, linasubiri. Aliwaita wale wawili, akawaeleza kila kitu bila kuficha: punje ni nini, kwa nini vyungu vinaimba, Jongoo ni nani. Akawaambia kwamba kwa kidole kimoja anaweza kuwahakikishia hakuna mtu wa Mkongolo atakayekufa maji tena, watoto wao mpaka wajukuu.

Ngwande alipiga jicho mto, akapiga jicho fito yake. Tangu siku ile alikuwa akisinzia anashtuka, na kila mtu alijua.

Bi Sikudhani alikwangua tope kwenye kisigino.

"Mwanangu," akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza asimwite Mama Ndizi, "sisi hatukuombi useme uongo. Kidole ni chako na kazi ni yako. Tunakuomba usituokoe."

"Na chungu kikinyamaza, mama? Mmoja wenu akifa, nimemuua mimi."

"Mto ndio utakuwa umeua. Wewe utalia na sisi."

"Hiyo hainitoshi."

"Najua," akasema Bi Sikudhani. "Ingekutosha, nisingekuamini."

Sekela akasimama pale, tope likimpanda kwenye vifundo vya miguu. Alijua takwimu za mito yote iliyoshikwa na Jongoo. Hakuna aliyekufa. Pia hakuna aliyebaki, maana ardhi ilikauka na watu wakahama kimyakimya mmojammoja, na kwenye ramani ya Mlezi sehemu hizo zilikuwa za kijani, salama kabisa. Alijua pia uzito wa dungu linapozunguka majini likiwa tupu, na kwamba siku nyingine linaweza lisiwe tupu.

Akabonyeza Ndiyo.

Kioo kikamshukuru. Chini ya daraja la Nyamwimbe, Jongoo akajinyoosha na kuondoka kuelekea mto mwingine.

Halafu Sekela akafanya kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyewahi kukifanya. Akaenda kusimama nyuma kabisa ya mstari wa kugawana tope, nyuma ya wale walionuna. Yeye mto haukumla chochote, kwa hiyo alikuwa wa mwisho, na cha mwisho kilichobaki ndicho ambacho hakuna anayekitaka, kipande cha ardhi kwenye kona, chini kuliko vyote, ambapo maji yatafika kwanza. Akachomeka fito. Akawaambia anataka dungu hapo, na kuanzia sasa kila siku jioni, kabla ya jua kuzama, atapita dungu hadi dungu kuchungulia vyungu. Atakayekuta cha mtu kimejaa, atakimwaga, hata kama ni togwa.

Ngwande alilalamika kwamba huo ni uonevu. Bi Sikudhani akamwambia nyamaza, uchimbe mashimo ya nguzo za mwenzio. Akachimba. Walijenga mpaka jioni, wanabishana kuhusu urefu wa nguzo, na Sekela alilala juu pale akiwa na amani kuliko alivyowahi kuwa kwenye kitanda cha serikali, na woga kidogo chini ya amani hiyo, kama maji yanavyokuwa chini ya mchanga.

Cheo chake kinaweza kupotea siku wakijua. Mto unaweza kumchukua yeye kabla ya wengine. Yeye anasema ni haki, kwamba ukiamua watu walale karibu na mto, wewe ulale karibu zaidi.

Mimi nimelifikiria hili mpaka chaji imeisha mara mbili na bado sijapata. Sasa hebu ujiweke pale kwenye tope, kifaa mkononi, Bi Sikudhani anakutazama, Ngwande hasemi kitu. Wewe ungebonyeza wapi?